Paa la Taban na Maji Niliyokunyima

Poni mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, uko chumba cha pili unapanga nguo, na zipu ya lile begi inakwama kila ukiivuta. Yangu nayo unaijua. Naandika kwa sababu mdomo huu wangu ukifunguka mbele yako huanza kugomba kabla haujasema lililouleta. Kalamu angalau inanipa nafasi ya kufikiri. Nikimaliza nitaisukuma barua hii chini ya mlango wako, na tafadhali uisome kabla hujatoka kesho, usingoje mpaka uwe ndani ya basi. Kuna jambo litakalokukuta uani asubuhi, na atakayeamua ni wewe, si mimi.

Sitakuandikia habari za kuficha pesa kwenye soksi, wala za kutopokea soda kwa mtu usiyemjua. Mama yako mkubwa Keji amekuhubiria hayo tangu Jumapili, na ukimsikiliza yeye utadhani Kampala nzima imekaa macho inakungoja wewe uibiwe. Dada yangu huyo akimaliza, hakuna kilichobaki cha kuonya. Mimi nataka tuzungumze juu ya paa la Taban.

Najua, umekunja uso. Kunja tu, lakini endelea kusoma.

Tangu umalize sekondari, wewe na mimi tumekaa juu ya mapaa ya mji huu wa Juba kuliko tulivyokaa ndani ya nyumba yetu hapa Lemon Gaba. Watu wakiniuliza kazi, nawaambia napaka mpira. Wanashangaa. Mpira? Ndiyo, ile rangi nzito kama uji wa mtoto, unaipaka juu ya zinki, yaani mabati, au juu ya slebu, lile paa bapa la simiti, ikikauka inakuwa ngozi inayovutika, mvua ikija inateleza na kwenda zake. Nikishaeleza hivyo, kila mmoja ghafla anakumbuka kwamba kwake kunavuja, na anataka nije kesho, na anataka bei ya ndugu.

Kazi hii nilijifunzia Nairobi, wewe ndiyo kwanza umeanza kutembea. Fundi aliyenichukua hakupenda mtoto juu ya paa, na sikuwa na mtu wa kukuacha naye. Basi nilikufunga leso kiunoni, ncha nyingine nikaifunga kwenye bomba la tangi, ukawa unazunguka hapo kama mbuzi malishoni. Siku moja ulitumbukiza mkono wote kwenye ndoo ya mpira. Mpira ulipokauka nikakubandua glavu nyeupe, kidole kwa kidole, wewe unalia, halafu ukaiona, ukacheka, ukataka nikufanyie tena. Nilikiweka kile kimkono kidogo dirishani. Kilikaa pale mpaka panya walipokila.

Tuliporudi Juba (nasema tuliporudi, ingawa wewe hukuwa umewahi kuiona, na mimi mwenyewe nilitoka hapa mgongoni mwa mama), nilijiona fundi kamili. Jua la hapa likanitia adabu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ofisi moja kule Thongpiny, paa la zinki, ndege zinapita juu yetu kila saa. Nilipaka mchana, jua liko utosini, kwa sababu nilitaka kumaliza mapema nionekane hodari. Mpira ukakauka juu kabla haujashika chini. Tena sikuwa nimeosha vumbi vizuri, lile vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Mvua ya kwanza ilipokuja na upepo wake, ikaingia ukingoni na kuibeba kazi yangu yote. Asubuhi ilikuwa inaning'inia ukutani kama ngozi ya mbuzi wa Krismasi. Askari wa getini akaniuliza, "Mama, hii nguo yako utaianua lini?"

Nilicheka naye. Nyumbani nikajifungia chooni nikalia, nikijua hunisikii. Ulinisikia. Ulibisha mlango ukaniuliza kama ninaharisha.

Kosa lile halijawahi kuninyima usingizi. Lilikuwa linaning'inia mbele ya kila mtu, ningelificha wapi? Nililipa, nikarudia, na tangu hapo naanza kazi alfajiri na kushuka zinki zikianza kuchoma magoti. Niliamini kwamba mtu akishaaibika namna ile mara moja, basi amepona, hatakosea tena kosa kubwa. Sasa sikiliza nilivyokuwa mjinga.

Sheria ya slebu nilikufundisha mimi. Usiifunge kwa mpira mpaka uiulize kama imekauka. Unabandika kipande cha nailoni juu yake, unaziba kingo zote kwa gundi, unalala. Asubuhi ukikuta chini ya nailoni kukavu, fanya kazi. Ukikuta matone, shuka ukanywe chai, rudi wiki nyingine. Wewe ulilipenda jambo hilo kuliko mengine yote. Ulikuwa unabandika nailoni mpaka kwenye sakafu ya bafu letu, Opio mwenzetu wa kazi anakucheka, anasema, "Huyu mtoto iko daktari ya simiti."

Ndipo Mzee Taban akatuita kwenye gesti yake kule Hai Amarat. Unajua yote haya, lakini niruhusu niyaseme kwa mpangilio wake, maana nimeyasema ovyo kichwani kwa muda mrefu. Slebu yake ilikuwa imekunywa mvua tangu msimu uanze. Halafu zikaja siku chache za jua kali, zile zinazotudanganya sisi watu wa huku kila mwaka. Ukikanyaga peku unaruka. Unasema, khalas, imekauka. Kumbe ni kama mandazi ya moto mkali, nje kahawia, ndani unga mbichi. Taban alikuwa na wageni wa harusi wanakuja. Alikuwa ameniambia wazi kwamba nikisitasita, kuna mafundi wengine wanangoja nje ya geti.

Asubuhi ile ulikuwa umechuchumaa kwenye kona ya slebu, umeinua ncha ya nailoni.

"Mama, shuf," ulisema. "Njoo uone."

Niliona. Matone yalikuwa yamejipanga chini ya nailoni, makubwa, hayana haraka.

"Huo ni umande," nikasema.

"Umande utaingiaje huku chini, Mama, na nimeziba kila mahali?"

Opio akakohoa. Unamjua alivyo, hawezi kumpinga mtu mzima bila kukohoa kwanza. "Mama Poni, mimi naona hii paa bado iko na maji ndani. Tungoje kidogo."

"Nyinyi wawili mtanilisha hiyo nailoni?" nikasema. "Mawingu yale pale. Funga!"

Ukasema unashuka kuchukua maji ya kunywa. Ulikawia. Nikakupigia kelele kutoka juu mpaka wapishi wa Taban wakatoka kuangalia. Ukapanda bila maji, ukachukua rola, ukafanya kazi kuliko siku zote. Koti ya kwanza ya mpira, kitambaa cha kuimarisha pembe, koti ya pili, kila kitu sawasawa. Ilipendeza kwa macho. Nilimwita Taban apande aone, na nikasimama kando yake nikijivunia.

Niliogopa, Poni, hilo ndilo lililokuwa chini ya zile kelele. Mwanaume akiharibu paa hapa mjini, watasema simiti ilikuwa mbaya. Mwanamke akiharibu, watasema si tulisema. Nimebeba woga huo tangu ile ngozi ya mbuzi kule Thongpiny, nikadhani ni bidii. Ukikaa na woga muda mrefu unauzoea, unauamkia, unaunywea chai, husikii tena ukikuamuru. Siku ile uliniamuru nifunge maji ndani ya slebu, nikatii.

Kilichofuata kila fundi anakijua. Jua likayachemsha yale maji, mvuke ukatafuta njia, ukakuta mpira, ukausukuma juu. Malengelenge, mengine makubwa kama sahani. Fundi wa dishi la TV akapanda, akakanyaga moja, likapasuka. Mvua ya jioni ikapata mlango. Dari la chumba kizuri kuliko vyote likaanguka juu ya kitanda cha bibi harusi, yeye mwenyewe, Mungu ni mkubwa, akiwa saluni.

Taban alituita uani. Walikuwepo wote, wapishi, akina mama wa kufua mashuka, shangazi za bwana harusi na vilemba vyao. Akauliza, "Nani amenifanyia hivi?"

Nikasema, "Ni huyu msichana. Kwenye koti ya kwanza alizidisha maji."

Nimeandika maneno yale yale, sikuyapunguza. Koti ya kwanza huchanganywa na maji kidogo ili simiti iinywe, na ukizidisha kweli haishiki. Ulikuwa uongo wa fundi, na ndiyo maana uliaminika. Mtu asiyejua kazi hangeweza kuutunga. Nilitumia kila nilichojua kukubebesha wewe mzigo wangu, na ilichukua muda mfupi kuliko kuwasha kiberiti.

Uliniangalia. Woi, Poni, kama ungenitukana! Kama ungelia, ningepata cha kushika, ningekwambia nyamaza. Ulinawa mikono kwenye bomba la uani, ukaipangusa kwenye suruali, ukatoka getini. Opio naye akaniangalia, na hata hakukohoa.

Tangu siku ile umeniheshimu sana, mpaka nimechoka. "Karibu chakula, Mama." "Maji ya kuoga yako tayari, Mama." Hujawahi kuniheshimu hivyo maishani mwako. Nilizoea unaninunia, unanijibu, unaniiga ninavyotembea. Heshima hiyo ilikuwa kama ya mpangaji anayengoja mwezi uishe. Mwezi ukaisha, ukasema, "Mama, nimepata kazi Kampala kwa watu wa Opio, wanapaka mapaa makubwa. Naondoka Ijumaa." Hukuniuliza. Ulinipa habari.

Na mimi badala ya kusema lile lililokuwa limekaa kooni, nikatoka uani, mbele ya Keji na majirani waliokuwa wanachambua mboga, nikasema kwa sauti, "Aende. Lakini maji yangu hapati. Atatoka hapa mkavu."

Mkono wa Keji ukasimama juu ya karai.

Wewe umezaliwa Kenya, umekulia kwenye Kiswahili chetu hiki ambacho watu wa hapa wanakicheka, lakini jambo hilo unalijua, na ndiyo maana nilisikia mlango wako ukifungwa polepole. Kwetu mtu haendi safari ya mbali bila maji ya mzazi wake. Mzazi huchota kwa kiganja, humnyunyizia kichwani na miguuni, akasema la kusema. Katekista wetu anafundisha kwamba sala inatosha, na siku alipohamishwa nilimwona kwa macho yangu ameinama getini, mama yake anamlowesha shati la kanisani. Mtu aliyenyimwa maji huwa anaenda tu kama aliyefukuzwa. Tukio lolote likimpata huko, hata homa ya kawaida, watu husema, si mama yake alimnyima. Nilikufanyia hivyo baada ya kukufanyia lile la kwanza.

Keji alinifuata jikoni. "Umesema nini wewe? Rudisha neno lako."

"Nitamwambia polepole baadaye, tukiwa wawili."

"Neno la uani halirudishwi jikoni," akasema. Dada yangu ana maneno elfu na mengi hayana maana, lakini hilo lilinikaa mwilini.

Nikamkumbuka bibi yako. Sijawahi kukusimulia vizuri nilivyotoka Kitale. Nilikuwa na mimba yako, baba yako ameshakwenda zake na hakuna aliyejua alikokwenda, na nilikuwa nimeamua kwenda Nairobi kutafuta kazi bila kumwuliza mtu. Mama alikuwa amenikasirikia hata salamu hanipi. Alikuwa amekimbia vita na watoto wake, akatulea kwenye nchi ya watu kwa kufua nguo za watu, na mimi nimemlipa hivyo. Asubuhi ile nilijipitisha mlangoni kimyakimya. Akanifuata. Hakuchota kwa kiganja. Alibeba ndoo nzima, akanimwagia yote kichwani, pwaa, na kusema, "Nenda, Mungu akuone!" Nilisafiri nachuruzika. Hakuna aliyetaka kukaa karibu nami. Mpaka Eldoret nilikuwa namlaani kwa kunichafulia nywele, na baada ya Eldoret nikaanza kulia, kwa sababu nilielewa kwamba alikuwa na hasira yote ile na bado hakuninyima.

Mimi hasira yangu haikuwa hata ya haki. Nilikukasirikia kwa sababu nilikukosea, na kila nilipokuona nilijiona mimi. Keji anasema watu wengi hukasirika hivyo. Sijui watu wengi, najua mimi nilikasirika hivyo.

Basi leo, ulipokuwa sokoni kununua sabuni na kuaga marafiki zako, nilipanda boda nikaenda Amarat. Sikukuambia kwa sababu nilijua naweza kugeukia njiani. Nilimkuta Taban anakunywa chai. Nikamwambia, "Mzee, naomba uite watu wako waliokuwepo siku ile." Akadhani nimekuja kudai. Akaita. Wageni wa harusi walishaondoka, lakini wapishi walikuja, na wale akina mama wa mashuka wakaja na mikono yenye povu.

Nikasema kwa Kiarabu changu kibovu, ili wote wasikie. Nikasema binti yangu hakuzidisha maji. Nikasema slebu ilikuwa mbichi, alinionyesha, nikaona kwa macho yangu mawili, nikamlazimisha. Nikasema nilimsingizia hapa hapa uani, na nimekuja kulirudisha neno hapa hapa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Taban hakutukana. Alitazama kikombe chake. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ilikuwa mbichi. Binti yako alinijia asubuhi ile kabla hamjaanza, ameshika kipande cha nailoni, maji yanadondoka. Akaniambia, 'Mzee, mpe mama siku za kungoja. Mwambie ni wewe mwenyewe unayetaka kungoja, asione kwamba mimi ndiye nimemshinda.' Nikamfukuza. Nikamwambia nina harusi hapa, na kama hamwezi, wenzenu wako nje."

Mwanangu, nilishika ukuta. Ndiyo yale maji ya kunywa uliyoshuka kuyachukua ukakawia. Mimi niko juu nakupigia kelele mbele ya wapishi, kumbe wewe uko chini unanitafutia njia ya kurudi nyuma bila kuaibika.

"Na siku ile, niliposema ni yeye," nikamuuliza Taban, "mbona ulinyamaza?"

"Nilingoja aseme," akajibu. "Angesema kwamba alinijia, aibu ingekuwa yangu. Hakusema. Nikanyamaza. Malesh, samahani, Mama Poni. Nina binti mimi pia."

Mama mmoja wa mashuka akatufyonya sisi wote wawili, si kwa siri, akarudi kwenye karai lake. Alikuwa na haki.

Sijui kwa nini hukusema. Nimefikiria tangu mchana. Labda ulinihurumia. Labda ulitaka kuona nitafika wapi. Labda ulikuwa umeumia kiasi kwamba maneno yalikuwa madogo. Sitakuuliza, na usijisikie una deni la kunijibu. Ninalojua ni kwamba ulikuwa na neno moja mdomoni la kunimaliza mbele ya watu, ukalimeza, na mimi nikaenda nyumbani nikakuita msichana mwenye kiburi.

Naona aibu, Poni. Sina jina zuri zaidi la kuliita. Na nakupenda, neno ambalo nyumba hii hatulisemi, tunauliza tu, "Umekula?" Kila nilipokuuliza umekula katika wiki hizi za kimya, ndilo nililokuwa najaribu kusema, lakini najua halikufika.

Usidhani sasa nitakugeuzia paa liwe mahubiri, nikuambie moyo nao una malengelenge. Paa ni paa. Hili la Taban tutalibandua lote, mimi na Opio, tutalifunika turubai mpaka kiangazi, na tutalipaka slebu itakapokubali yenyewe. Namna ya kugawana hasara tumeelewana naye. Akiniita mzembe mbele ya wateja wake atakuwa anasema kweli, na nitaishi.

Lakini kuna jambo moja nataka uwe nalo, kwa sababu najua utakuwa fundi mkubwa kuliko mimi. Siku moja utakuwa na watu chini yako, na mteja anayepiga simu, na wingu linakuja. Kijana mmoja atachuchumaa pembeni na kukuonyesha jambo usilotaka kuliona. Utamkasirikia. Utamkasirikia zaidi kwa sababu yuko sahihi. Siwezi kukuambia namna ya kuizuia hasira hiyo, maana mimi mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba inapita haraka ukikaa chini, na kwamba mimi siku ile sikukaa chini. Na ukishindwa kama nilivyoshindwa, usingoje mpaka mtu afunge begi lake. Siku ya pili aibu inabebeka. Baadaye inaota mizizi, na unaanza kumchukia uliyemkosea, kama vile yeye ndiye aliyekutia aibu hiyo.

Jingine ni lako mwenyewe, na nalisema nikijua sina haki sana ya kulisema. Huko uendako, usinyamaze hivyo tena kwa ajili ya mtu, hata kama mtu huyo ni mimi. Ulinyamaza kwa upendo, naamini hivyo. Lakini mimi nilikuwa mtu mzima, ningeuvumilia ukweli. Ningelia, ningepiga kelele wiki nzima, unanijua, kisha ningeosha uso na kwenda kununua skrepa ya kubandulia mpira. Si kazi ya mtoto kumkinga mama na kosa la mama. Wakikuonea kule Kampala, sema palepale, uani, watu wote wakiwepo, na sauti yako ile ya kunijibu ambayo nimeikosa sana.

Sasa, jambo la asubuhi.

Nimemwomba Keji aje mapema na awalete wale majirani waliokuwa wanachambua mboga. Opio atakuja na boda kukupeleka kwenye basi. Nitasimama mbele yao niseme yale niliyoyasema kwa Taban, yote, pamoja na sehemu aliyonisimulia yeye. Halafu nitachota maji.

Sikuombi uiname kwa sababu mimi ni mama yako. Nilikunyima mbele ya watu, na mtu aliyenyimwa ana ruhusa ya kusema sihitaji tena. Ukiinama, nitakunyunyizia kichwani na miguuni, nami nitajaribu kuyasema yale maneno mpaka mwisho bila sauti kukatika. Usipoinama, sitakushika mkono na sitakuita. Keji nimeshamwonya asifungue mdomo. Panda boda, uende kazini kwako kwa amani, usigeuke nyuma kwa kunionea huruma.

Nitatoka barabarani, niyamwage pale utakapopita, niyamwage yote. Maji hayo ni yako, yakupate kichwani au yakufuate kwenye vumbi.

Mama yako